Kanuni ya Mashaka

Jibu la posa lilirudi kwa neno moja. Mzee Uweso, fundi cherehani wa Barabara ya Tisa, alikuja mwenyewe baada ya sala ya alasiri, akavua viatu, akakaa mkekani, akanywa kahawa vikombe viwili, ndipo akasema, "Amenyamaza." Mtaa mzima wa Ngamiani, hapa Tanga, hakuna asiyejua maana ya neno hilo. Binti akiulizwa na baba yake kama anamridhia fulani, naye akanyamaza, basi amekubali; anayekataa ndiye husema. Ndivyo masheikh wanavyofundisha, na likishasikika tu wanawake huanza kuchambua mchele wa pilau. Bi Mwamvua, shangazi aliyemlea mposaji tangu utoto wake kule Kigombe, alipiga kigelegele kirefu mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Mtu mmoja tu hakushangilia, naye ndiye aliyeposa.

Mwalimu Hatibu Kombo alikuwa na umri wa miaka thelathini na miwili, diploma ya Makerere, miwani mizito, na baiskeli aliyoipenda kuliko ilivyostahili. Alifundisha hesabu na sayansi. Miaka mingi baadaye, kila alipoisimulia habari hii kwa watu wanaoweza kucheka, alikuwa akianzia hapo kwenye kahawa ya Mzee Uweso na kusema kwamba mtu mwenye akili ya kawaida angesema alhamdulillahi na kwenda kununua kanzu mpya. Yeye alimwuliza mkwewe mtarajiwa swali.

"Samahani, mzee. Aliponyamaza, alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anapinda shuka."

"Hakuwa na pini mdomoni?"

Mzee Uweso alikiweka kikombe chini. Kwa kweli nyumba ya fundi ina pini kila mahali, na Asmahani, bintiye, alifundisha ushonaji na mwandiko katika shule moja ya wasichana, kwa hiyo swali halikuwa la wazimu kabisa. "Mwanangu," alisema mzee, "sisi mambo ya ndoa hatumwulizi mtu mwenye pini mdomoni." Akavaa viatu vyake akaenda zake, na Bi Mwamvua akamfokea Hatibu mpaka magharibi.

Hakuwa mwendawazimu, alikuwa aliyeumwa na nyoka, anayeshtuka akiona ung'ongo. Miaka minne nyuma alioa Pangani mwanamke aitwaye Zeyana. Naye alinyamaza alipoulizwa, pilau ikapikwa, na siku ya arobaini akafunga nguo zake na kumwambia kadhi, mbele ya Hatibu mwenyewe, kwamba hakumtaka tangu siku ya kwanza, ila hakuna aliyempa nafasi ya kusema. Hatibu hakumlaumu. Lakini fedheha ya kulala siku arobaini karibu na mtu aliyekuwa akihesabu siku haikumtoka. Sasa alikuwa amemwona Asmahani mara tatu, mara zote nyumbani kwa mwalimu mwenzake Rafaeli, ambaye mkewe Ruthi alikuwa shoga wa Asmahani. Mara ya tatu Asmahani alimrekebisha tarehe ya kupatwa kwa jua bila kuinua kichwa kwenye kanzu aliyokuwa akiitia taraza, nakshi ya shingoni. Hatibu alirudi nyumbani akipiga mluzi. Alimpenda, na kwa sababu alimpenda alitaka ajue kwa hakika, safari hii, kama anatakiwa.

Hapo ndipo fizikia ilipoingilia kati.

Mzungu mmoja mtafiti aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, kule milimani, aliporudi kwao, alimwachia Hatibu sanduku la vitabu. Kimojawapo kilihusu fizikia mpya, ile ya vitu vidogo kupita kiasi, na humo Hatibu akakutana na kanuni iliyomnyima usingizi. Kanuni yenyewe ilisema kwamba elektroni, ile chembe ndogo mno iliyomo ndani ya atomu, huwezi kujua kwa ukamilifu iko wapi na wakati huo huo kwa ukamilifu inakwenda vipi. Ukikaza kujua la kwanza, la pili linakuponyoka. Ili uione lazima uimulike, na mwanga wenyewe unaisukuma. Mwanga wa mawimbi marefu unaisukuma kidogo, lakini unakuonyesha ukungu tu. Mwanga wa mawimbi mafupi unakuonyesha mahali hasa, lakini unaipiga teke. Hatibu aliisoma mara sita. Mtu mwingine angejifunza kutokana nayo kwamba kuna vitu havitaki kuchokonolewa. Hatibu alijifunza kwamba aanze na mawimbi marefu.

Wimbi refu la kwanza lilikuwa shangazi yake. Alimtuma Bi Mwamvua kwa Mzee Uweso kuazima mbuzi ya kukunia nazi, ingawa nyumbani walikuwa nazo mbili, na akamwagiza adodose kwa mbali. Bi Mwamvua hakujua kudodosa kwa mbali. Alirudi na mbuzi kwapani.

"Nimemwuliza Asmahani kama ana furaha. Kasema alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi ya namna gani?"

"Ziko ngapi?"

"Shangazi, mtu mwenye homa naye husema alhamdulillahi."

"Basi oa mwenye homa," alisema Bi Mwamvua, akaenda jikoni na mbuzi ya tatu.

Njia ya pili aliona ni ya kitaalamu zaidi. Chama kimoja cha elimu pale mjini kilikuwa kimemwomba atoe mhadhara Jumamosi ya mwisho wa mwezi, naye kwa kiburi chake akachagua kanuni hiyo hiyo. Alikuwa ameshaandika kurasa kumi na mbili katika daftari, kwa mwandiko ambao wanafunzi wake waliulalamikia. Ruthi akashauri lipelekwe kwa Asmahani alinakili vizuri, maana mwandiko wake ulisifiwa mji mzima. Daftari lilirudi baada ya siku tano, safi, herufi zimesimama kwa adabu. Hatibu alifunga mlango, akatoa kipimapembe, na akaanza kupima mwinamo wa herufi, ukurasa kwa ukurasa, apate kujua kama mkono wa mwandishi ulikuwa na raha. Kurasa za mwanzo herufi zililala nyuzi kumi na mbili. Ukurasa wa tisa zilisimama wima kabisa, zimekandamizwa mpaka zimetoka upande wa pili wa karatasi. Alifikiri sana juu ya ukurasa wa tisa. Alifikiri juu ya pembe zake, juu ya wino wake, na juu ya uwezekano kwamba kalamu ilibadilishwa. Kilichoandikwa humo hakukisoma, kwa kuwa alikiandika mwenyewe.

Basi akaongeza mwanga. Alimwomba Ruthi amwulize Asmahani waziwazi, mwanamke kwa mwanamke. Ruthi alikuwa Mbondei wa karibu na Muheza, mtu asiyezunguka maneno. Akaenda, akauliza, akarudi.

"Kasemaje?"

"Kasema, kwa nini anauliza? Na mama yake alikuwa pale mlangoni, akasikia. Sasa na yeye anauliza kwa nini unauliza. Wanadhani ati umejuta, unatafuta mlango wa kutokea."

Hatibu alishikwa na hofu. Alikuwa ameanza na nyumba iliyotulia, yenye binti mmoja aliyenyamaza, na sasa kulikuwa na nyumba nzima iliyokosa utulivu na binti aliyeuliza swali. Kila alichokifanya ili ajue zaidi kilimfanya ajue kidogo. Kitabu kilikuwa mezani, kimefunguliwa mahali panapoeleza jambo hilo hilo kwa michoro. Akakifunga, akachukua kalamu, akaandika barua.

Mwalimu akiandika barua, hata ya mapenzi, mkono unafuata mazoea. Juu kabisa aliandika, "Jibu maswali yote." Chini yake, "Jibu kwa ndiyo au hapana. Usitoe maelezo." Kisha yakafuata maswali. La kwanza, je, ulinyamaza kwa ridhaa? La pili, kama si kwa ridhaa, ni kwa haya? La tatu, kama aliyeuliza asingekuwa baba yako, ungenyamaza vilevile? Aliisoma tena, akaona kuna kitu kimepungua, akaongeza salamu. Ruthi alipoiona alisema, "Mwalimu, hukuweka alama za kila swali." Hatibu, Mungu amsamehe, alifikiria jambo hilo kwa makini kabla hajatambua kwamba anachekwa. Barua ikaenda Jumatano. Alhamisi hakuna jibu. Ijumaa hakuna.

Jumamosi alikwenda kutoa mhadhara wake akitegemea watu kumi na watano, na akakuta ukumbi umejaa hadi barazani. Kwanza alivimba kichwa. Kisha akaelewa. Tangazo alilibandika yeye mwenyewe, na kwa kuwa jina la kanuni hiyo halikuwa na Kiswahili, alikuwa amelibuni: KANUNI YA MASHAKA. Mwaka ule wa hamsini na sita, neno kanuni kwa watu wa huku lilikuwa na maana moja tu, nayo ni jambo ambalo Serikali imelizua na wewe utalipa faini usipolitii. Watu wa milimani walikuwa wamechoshwa na kanuni za kulazimishwa kulima matuta. Watu wa mjini walikuwa na kanuni za leseni. Sasa wamesikia kuna kanuni mpya, na kwamba safari hii Serikali imeamua kusema kweli hata kwenye jina.

Hatibu alieleza. Alitoa mfano wa kikombe kidogo cha kahawa na kipimajoto kikubwa kilicho baridi: ukikitia ili ujue joto la kahawa, kahawa inapoa, na unachokisoma si joto lililokuwepo. Watu walimsikiliza kwa subira. Mwishowe mzee mmoja wa Lushoto alisimama.

"Mwalimu, hiyo kanuni itaanza kutumika lini?"

"Inatumika tangu dunia kuumbwa, mzee."

"Na mtu akiivunja?"

"Haivunjiki."

"Faini yake?"

"Ukitaka kujua sana kitu kilipo, unalipa kwa kutojua kinakokwenda. Hiyo ndiyo faini."

Mzee alikaa chini akasema kwa sauti kwamba yeye alishailipa. Watu wakacheka, na Hatibu akacheka nao, na kwa dakika chache akasahau kwamba kwenye viti vya nyuma, upande wa wanawake, karibu na Ruthi, kulikuwa na buibui moja aliyoijua hata kwa namna ilivyokaa.

Kisha akasimama Mzee Uweso. "Mimi nina swali dogo. Hicho kitu, kabla hujakimulika, kilikuwa wapi?"

Hatibu alilijua swali. Hilo ndilo lililomnyima usingizi, na jibu la kitabu hakuwahi kulipenda. Alikuwa amelitafsiri katika daftari kwa uaminifu, neno kwa neno, kama mtu anayebeba mzigo wa mwenzake bila kuufungua. Pale mbele ya watu mia mbili, na mkwe juu yake, aliona aibu kulisema. Akasema lile lililokuwa rahisi. "Kilikuwa mahali pake, mzee. Ila sisi ndio hatukupajua." Mzee Uweso alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kule nyuma buibui moja ilisogea kidogo, basi.

Kesho yake asubuhi Mzee Uweso alibisha hodi. Hatibu akatoka na shikamoo yake tayari.

"Marahaba. Mwanangu, nimekuwa fundi miaka arobaini. Mteja akija nampima kiuno mara moja. Nikimpima mara ya pili anajiuliza kuna nini. Mara ya tatu anabana tumbo, na suruali nitakayomshonea hataivaa maishani." Alitoa barua mfukoni, ile yenye maswali matatu, imekunjwa vizuri. "Hii ni mara ya nne. Mimi nimechoka kuwa posta. Asmahani kataka azungumze nawe mwenyewe. Yuko kwa Rafaeli. Mimi nitakaa nje barazani."

Walikaa sebuleni kwa Rafaeli, Hatibu kwenye kiti, Asmahani na Ruthi kwenye mkeka. Hatibu alimwona uso kwa mara ya nne, na safari hii alikuwa amemwinulia kichwa. Alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi, lakini Asmahani alimtangulia.

"Mwalimu," alisema Asmahani, "baba aliponiuliza mara ya kwanza, nilijitazama. Sikuona ndiyo, sikuona hapana. Sikukuficha kitu. Nilikuwa nakujua kwa miwani na kwa sifa za Dada Ruthi. Nikanyamaza, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa kweli. Nikasema moyoni, nitaingia nyumbani kwake, tutazoeana, na jibu litajijenga lenyewe taratibu. Nilidhani litakuwa jema."

Hatibu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Kisha akaja shangazi yako, akaniuliza kama nina furaha. Nikaanza kuitafuta. Akaja Dada Ruthi. Nikatafuta zaidi. Ikaja hiyo karatasi ya mtihani. Kwenye mtihani wako mtu haruhusiwi kuandika sijui. Nimekaa nayo siku tatu, nikauliza, mtu huyu nikimpikia atataka kujua kama nimepika kwa ridhaa? Nikilala mapema ataandika maswali? Nikalitafuta jibu mpaka nikalipata. Ni hapana."

Nje, barazani, Mzee Uweso alikohoa. Ruthi alikuwa akitazama kidole gumba chake cha mguu.

"Basi nimelivuruga," alisema Hatibu. "Jibu lilikuwepo, nikalivuruga kwa kuuliza."

"Hapana. Hapo ndipo unapokosea, na jana ulikosea vilevile mbele ya baba. Kinachovurugwa ni kitu kilichokuwepo. Umeandika mwenyewe, ukurasa wa tisa, nami nimenakili kwa mkono huu: si kwamba kitu kina mahali pake kamili na mwendo wake kamili, na sisi tumeshindwa kuvijua, bali kitu chenyewe hakina viwili hivyo kwa pamoja mpaka kipimwe. Nilirudia kuusoma mara nyingi. Nikasema, kumbe kuna mwanamume Tanga anayejua kwamba mtu anaweza kuwa bado hajawa kitu, na wala si mwongo. Ukurasa ule ndio uliokuwa karibu kunipa ndiyo." Alilainisha mkeka kwa kiganja. "Nilidhani unauamini."

Hatibu aliukumbuka ukurasa wa tisa. Alikuwa na diploma, alikuwa na sanduku zima la vitabu, alikuwa amepima mwinamo wa herufi za ukurasa huo kwa kipimapembe, nyuzi kwa nyuzi, akaona kila kitu isipokuwa maneno. Moyo ulimwuma hasa, wala si kwa fedheha safari hii. Alimwona mwanamke aliyekaa mbele yake kwa uwazi kuliko alivyowahi kumwona mtu yeyote, na aliona pia kwamba anaondoka. Kulikuwa na mambo mengi ambayo mtu mwenye busara angeyasema wakati huo, au asingeyasema. Yeye alifungua mdomo, na kilichotoka ndicho kilichomfanya, hata uzeeni, ajifunike uso kwa mikono kila alipofika mahali hapo pa hadithi.

"Una hakika?"

Ruthi aliguna. Asmahani alimtazama Hatibu, kisha akacheka, kicheko kizuri, cha mtu aliyemsamehe mwenzake na asiyemrudia.

"Sasa ninayo," alisema, akainuka, akajitanda buibui yake.

Hatibu alirudi nyumbani kwa miguu, akaisahau baiskeli kwa Rafaeli. Bi Mwamvua alikuwa amekaa uani akimsubiri, na alipomwona akainuka nusu.

"Haya, umemwona? Vipi?"

"Amesema," alijibu Hatibu.

Bi Mwamvua hakuuliza amesema nini. Alisogea mkekani, akampisha akae.